Shajara ya mradi: dungu la vipande kwa bonde la Rufiji

Julai

Tunabuni nyumba ya nguzo ya vipande vinavyoweza kufunguliwa na kuhamishwa, kwa ajili ya watu wanaoishi na mafuriko ya Mto Rufiji. Tumeanza na alama za matope. Kwenye kuta zilizosalia, kwenye mashina ya miembe, kwenye mlango wa ghala la kijiji, mafuriko ya Aprili 2024 yaliacha mstari wa kahawia, na mstari huo ndio kumbukumbu tunayoiamini kuliko nyingine zote. Tumezunguka na mwenyekiti wa kitongoji tukiwa na tepu na mpira wa plastiki uliojazwa maji, ule ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi, tukihamisha kimo cha alama moja hadi nyingine. Kwenye uwanja tuliopewa kwa ajili ya nyumba ya majaribio, maji yalifika mita 1.4 kutoka ardhini. Ukisogea kidogo kuelekea mtoni, yalimpita mtu mzima kimo.

Kwa asiyelifahamu bonde hili: Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Eneo linalomwaga maji humo ni kilomita za mraba 177,000 hivi, karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Mvua inayonyesha nyanda za juu za Mbeya na Njombe hupita hapa ikielekea baharini, upande wa Mafia. Kwa hiyo mtu wa bondeni anaweza kufurikiwa huku kwake kukiwa na jua kali. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yameua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000, watu zaidi ya 200,000. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia vibaya.

Swali la kwanza tunaloulizwa na kila mtu wa mjini ni kwa nini watu hawa wasihame. Walishahamishwa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwatoa bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya juu, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji. Lakini chakula kilibaki bondeni. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba na unyevu, na juu yake watu hupanda mlau, yaani mahindi, kunde na mboga zinazokua bila kungoja mvua nyingine. Mpunga nao unataka maji hayohayo. Mtu anayelala juu na kulima bondeni hutembea masaa, na usiku shamba linabaki na nguruwe na viboko. Taratibu watu wakarudi, na watoto wao wakajenga. Mradi wetu unaanzia hapo: watu wapo bondeni kwa sababu ya msingi kabisa, na nyumba inayowafaa lazima ikubali kuishi na maji.

Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga alitusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo wanangu, mnatujengea dungu?"

Tukamjibu ndiyo, na tangu siku ile michoro yetu inaitwa hivyo. Dungu ni kibanda juu ya nguzo, sakafu ya fito, paa la makuti au nyasi, na ngazi ya mti. Watu wa Rufiji wamelijenga mashambani vizazi na vizazi ili kuwinga ndege na kulinda mpunga, na maji yakija wakalihamia: wanalala humo, wanapikia humo, mtumbwi umefungwa chini ya ngazi. Kanuni zote tulizosoma za kujenga kwenye maeneo ya mafuriko zimo ndani yake. Sakafu iko juu ya maji, chini hakuna ukuta wa kuyazuia, mzigo ni mwepesi, na kila kipande kinaweza kubadilishwa na mwenye nyumba. Udhaifu wake ni kwamba nguzo huoza au kuliwa na mchwa, viungo ni vya kamba, na ukubwa wake haumtoshi mama mwenye watoto watano. Kazi yetu ni kurekebisha hayo bila kuharibu yale mengine.

Agosti

Mwezi wa michoro na mahesabu.

Tulianza kwa kuelewa kwa nini nyumba zilianguka. Nyumba za fito na udongo hazikusukumwa na maji, zililoa miguuni. Udongo wa chini ulilainika, ukaporomoka, ukuta wa juu ukakosa pa kukaa. Nyumba za tofali ziliteseka kwa namna nyingine. Maji yakisimama mita moja nje ya ukuta na ndani kukiwa kukavu, kila mita ya urefu wa ukuta husukumwa na uzito wa kama kilo 500. Ukuta wa mita 3.6 unabeba karibu tani 1.8 za kusukumwa kwa ubavu, na tofali zilizojengwa kwa saruji kiduchu hazina uwezo huo. Wale waliofungua milango mapema na kuyaacha maji yaingie waliokoa kuta zao. Wazee walilijua hilo kabla yetu.

Maji yanayokimbia ni hesabu nyingine. Msukumo wake hukua kwa kasi kujizidisha yenyewe: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Tumechukua mita 1.5 kwa sekunde kama kasi ya kubunia, ingawa mbali na mkondo maji ya bondeni hutambaa polepole zaidi. Kwa kasi hiyo na kina cha mita 1.2, nguzo moja ya duara yenye kipenyo cha sentimita 15 husukumwa kwa nguvu ya kilo 20 hadi 25 tu. Weka paneli ya upana wa mita 3 mbele ya maji hayohayo, na msukumo unapita kilo 500. Ukitaka kujua kwa nini chini ya nyumba hii hatuweki ukuta, hata wa mabati, jibu ni hilo.

Tuliijadili nyumba ya kuelea kwa uzito wote. Kule Maasbommel, Uholanzi, zipo nyumba zilizojengwa 2005 ambazo hukaa chini siku za kawaida na kupanda na maji zikishikiliwa na nguzo. Ni kazi nzuri, lakini zinakaa kwenye maji yaliyotulia na zina watu wa kuzihudumia. Lagos, shule ya kuelea ya Makoko iliyobuniwa na Kunlé Adeyemi ilianguka Juni 2016 baada ya mvua kubwa. Mafuriko ya Rufiji huja na magogo, magugu na mizoga. Gogo moja likinasa chini ya nyumba inayoelea, nyumba hupanda upande mmoja na kuwamwaga waliomo. Mimi nimepinga wazo hilo kwa bonde hili na bado nalipinga.

Nguzo za zege pia tumeziacha, kwa sababu mto huu huhama. Huku chini umekuwa ukila ukingo mmoja na kujenga mwingine tangu watu waanze kukumbuka, na shamba la leo linaweza kuwa mkondo baada ya miaka kumi. Nyumba isiyoweza kufunguliwa itazama na fedha ya mwenye nyumba. Mfano uliotufungua macho ni wa Bangladesh, ambako msanifu Marina Tabassum alianza 2020 kubuni Khudi Bari, nyumba ndogo ya ghorofa moja ya mianzi na viungo vya chuma, kwa ajili ya watu wa visiwa vya mchanga vya Mto Meghna. Kisiwa kikiliwa, familia inaifungua nyumba na kuondoka nayo. Mazingira yao na yetu yanafanana kuliko nilivyotarajia.

Basi uamuzi ni huu. Nguzo za mita 6: mita 1.5 ardhini, mita 2 hadi sakafuni, mita 2.5 hadi paani. Sakafu ya chumba kimoja ni mita 2.4 kwa 3.6, na chumba cha pili huongezwa pembeni kwa kutumia nguzo zilezile za katikati. Juu ya nusu ya chumba kuna dari ya mbao inayobeba watu. Siku za kawaida ni stoo ya mpunga. Maji yakiikuta sakafu, ni kimbilio.

Kimo cha mita 2 ni alama ya 2024 pamoja na sentimita 60. Wapo walioona sentimita 60 ni anasa. Mimi naziona kidogo. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo hushuka kwa mkupuo. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 Afrika Mashariki, walikuta mabadiliko ya tabianchi yalichangia kuzifanya kubwa hadi mara mbili. Tena, tangu Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu yetu kwenye mto huuhuu, lianze kujazwa Desemba 2022, tabia ya mto upande wa chini haitegemei mawingu peke yake. Inategemea pia lini milango ya bwawa inafunguliwa na kwa kiasi gani. Kumbukumbu za wazee kuhusu maji kupanda ni za mto uliokuwa huru. Tunaziheshimu, na tunaongeza kimo.

Septemba

Vifaa. Mwezi mgumu wenye maneno machache ya kuandika.

Boriti za mikoko zingekuwa jibu rahisi. Delta iko karibu na kila fundi anazijua. Hatuzitumii. Msitu wa mikoko wa Rufiji ndio mkubwa kuliko yote nchini, ndio unaovunja mawimbi kwa vijiji vya pwani, na uvunaji wake una masharti. Kuokoa nyumba za bondeni kwa kufyeka kinga ya watu wa deltani ni kuhamisha maafa.

Nguzo tumechukua za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, za aina inayobeba nyaya za umeme vijijini, kutoka Mufindi. Tumechagua zile nyembamba ambazo hazifikii kipimo cha umeme, kwa hiyo bei imepungua. Jambo moja tunalisisitiza kwa kila mtu anayegusa mradi huu: dawa hiyo ina sumu ya aseniki. Mabaki ya nguzo hayawi kuni, vumbi la msumeno halimwagwi shambani wala kwenye banda la kuku. Tunayakusanya na kuyarudisha kwa muuzaji, na lori halilipwi hadi yapakiwe.

Mianzi tunayo karibu, lakini tunaitumia mahali pakavu tu: paneli za ukuta wa juu na fito za paa. Tunailoweka kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki ili bungua wasiile. Dawa hiyo huyeyuka na kutoka mwanzi ukilowa tena na tena, ndiyo maana hakuna mwanzi hata mmoja chini ya sakafu.

Ukubwa wa kila kipande umeamuliwa na usafiri. Paneli ni mita 1.2 kwa 2.4. Watu wawili wanaibeba, Toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, inaipakia ikiwa imesimamishwa, na mtumbwi wa kati unaichukua bila kupoteza mizani. Tulipopeleka paneli ya kwanza mtoni, mvuvi aliyetukodisha mtumbwi ndiye aliyetuambia tukate pembe zake kidogo, zisije zikamchoma mpiga kasia aliyekaa nyuma. Pembe zimekatwa.

Oktoba na Novemba

Kiungo. Nitaandika kwa urefu hapa, kwa sababu nyumba ya vipande ni viungo vyake, na hapa ndipo miradi mingi ya namna hii hushindwa baada ya wageni kuondoka.

Mahali boriti ya sakafu inapokutana na nguzo pana mambo manne kwa pamoja. Uzito unashuka. Maji yanasukuma kwa ubavu. Upepo unavuta paa juu. Na maji yakiifikia sakafu, mbao zinataka kuelea: kila mita ya ujazo ya mbao kavu za kawaida inaweza kuinua kilo 400 hivi, na hewa iliyonaswa chini ya sakafu huongeza. Misumari hubeba la kwanza vizuri, na hayo mengine matatu huing'oa. Tumeona sakafu za madungu zilizookotwa mbali na nguzo zake, zikiwa nzima kabisa.

Fundi chuma wa Ikwiriri ametutengenezea viatu vya bamba la milimita 5, vilivyokunjwa kuikumbatia nguzo, na bolti mbili za milimita 12 zinazopita upande hadi upande. Michoro yetu ya mwanzo ilikuwa na kiungo kilichochomelewa pembe kwa ustadi mkubwa. Fundi alikichunguza akasema anaweza kukitengeneza, lakini hakuna mwingine kutoka hapa hadi Mohoro atakayekitengeneza kikivunjika, maana kinataka mashine ambayo wengi hawana. Tukakunja bamba badala ya kuchomelea. Kiungo kinachotokea ni kizito kidogo na hakina urembo, lakini kinatengenezwa kwa nyundo, jiwe la kufulia chuma na drili, na hiyo ndiyo sifa niliyoitaka.

Tumevipeleka vyote kuchovywa zinki Dar es Salaam. Rangi peke yake isingetosha kwa hewa ya huku yenye chumvi.

Jaribio la mzigo: tulipanga mifuko 35 ya mchanga ya kilo 50 juu ya sakafu ya chumba kimoja, jumla tani 1.75, sawa na kama kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Tuliiacha usiku kucha. Boriti ya katikati ilibonyea milimita 11 na kurudi karibu yote mifuko ilipoondolewa. Hiyo tumeiridhia.

Jaribio la kuvuta kwa ubavu lilitufundisha zaidi. Tulifunga mnyororo kwenye nguzo kwa kimo cha mita 1.2, tukavuta kwa winchi ya mkono tukisoma mizani ya kuning'inia. Kwenye udongo mkavu wa Oktoba nguzo haikutikisika. Tukaloweka shimo kwa pipa baada ya pipa mpaka udongo ukawa uji, tukavuta tena: nguzo ikaanza kulala kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Mafuriko hayaikuti nguzo kwenye udongo mkavu. Kwa hiyo sasa kila nguzo ina mkono wa chini: kipande cha mita moja cha nguzo hiyohiyo kimefungwa kwa bolti mkingamo kwenye kitako chake, kisha shimo linajazwa mawe na mchanga wenye saruji kidogo kwa sentimita 40 za chini. Baada ya hapo, hata kwenye uji, nguzo ilihimili mvuto uliozidi mahitaji yetu mara mbili na nusu.

Mikingamo ya mshazari kati ya nguzo tumeiweka upande mmoja tu, sambamba na uelekeo wa maji. Ukiiweka kuyakabili maji hukusanya magugu na magogo, na dakika ile unakuwa na ukuta ambao ulikataa kuujenga. Upande ule mwingine unashikwa na ugumu wa viungo vya sakafu na paa. Ili hilo liwezekane ni lazima nyumba ielekezwe vizuri tangu kuchimba mashimo, na kwenye kijiji hiki watu huelekeza nyumba kufuata njia na kufuata kibla. Kwa bahati, hapa njia na mto vinaenda pamoja. Kitongoji cha pili haviendi pamoja, na mchoro wa huko utakuwa tofauti.

Desemba

Nyumba imesimama. Vijana wa kijiji ndio walioisimamisha, na fundi seremala wa hapahapa ndiye aliyekuwa akitoa amri. Sisi tulishika michoro na kujibu maswali.

Paa ni mabati. Nilitaka makuti kwa sababu ya joto, lakini wenye nyumba walisema mabati yanawapa maji ya kunywa, na wakati wa mafuriko maji safi ndiyo hukosekana kwanza huku kila mahali pakiwa na maji. Hoja yao ilinishinda. Tumeweka mkeka wa ukindu chini ya mabati kupunguza joto na makelele ya mvua, na mfereji unaopeleka maji kwenye tangi la lita 500 lililokaa sakafuni. Kila bati limefungwa kwa bolti za ndoano kwenye pau, kwa sababu nyumba iliyoinuliwa hula upepo zaidi, na watu wa pwani hii hawajasahau Kimbunga Hidaya cha Mei 2024.

Akina mama wameubadilisha mchoro kuliko mtu yeyote. Tulichora jiko kwenye kona ya ndani. Walilihamishia kwenye baraza ya nyuma, wakaagiza sanduku la mbao lenye udongo wa kina cha sentimita 15 ambamo mafiga yanakaa, ili makaa yakianguka yasikute sakafu. Wakaagiza ukingo wa kimo cha kifua cha mtoto kuzunguka baraza yote, na lango dogo kwenye ngazi. Mtoto wa miaka miwili akiwa juu ya mita 2, maji yawepo yasiwepo, ni hatari ya kila siku. Ngazi yenyewe tumeilaza zaidi na kuipa vidato vipana, kwa sababu mwenye nyumba anaishi na mama yake mwenye magoti mabovu. Imechukua nafasi kubwa ya uwanja, na ni halali yake.

Kuku wana kitalu chao chini ya sakafu kinachoweza kuinuliwa kwa kamba. Mbuzi bado hawana mahali. Watu waliniambia wazi kwamba 2024 baadhi yao walichelewa kuondoka kwa sababu ya mbuzi, kwa hiyo siwezi kuliita hili suala dogo. Tunachora jukwaa la pamoja kwa mbuzi wa kaya tano, lenye mteremko wa kupandia.

Choo. Vyoo vya shimo vilifurika vyote na uchafu ukaingia visimani. Tumejenga choo cha juu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, kinyesi kikiangukia pipa lenye mfuniko, na majivu yanamwagwa kila baada ya kutumia. Pipa likijaa linabadilishwa na kuachwa likauke miezi kabla ya kumwagwa. Wazee hawakulipenda wazo la kuwa na choo usawa mmoja na mahali pa kulala. Tulikubaliana kikae mwisho wa daraja fupi la mbao, upande wa chini wa upepo wa kusi, na sehemu ya kujisafishia kwa maji iwe pembeni, ili maji yasiingie kwenye pipa.

Machi hadi mwanzo wa Mei

Masika. Maji ya kawaida ya bondeni yamekuja na kwenye uwanja wetu yamefika sentimita 70. Hayakuwa mtihani wa mwisho, lakini ni maji ya kweli, yenye mkondo na takataka.

Magugu yalinasa kwenye nguzo za mbele, si mengi. Kijana wa nyumba alikuwa akiyasukuma kwa upondo kila asubuhi kutoka kwenye ngazi. Nguzo hazijalala; tumezipima kwa timazi kila wiki. Maji yalichimba udongo kuzunguka nguzo mbili za kona kwa sentimita 30 hivi, na hiyo inatuambia kwamba mita 1.5 ya ardhini si ya kuchezea. Fundi yeyote atakayeshawishiwa kuchimba mita moja ili amalize mapema anaichimbia nyumba kaburi. Nitaliandika hilo kwenye mchoro kwa herufi kubwa.

Nyoka walipanda. Wakati wa mafuriko kila kiumbe hutafuta pakavu, na nguzo ya mti ni njia nzuri kwao. Tumefunga mkanda wa bati laini wa upana wa sentimita 50 kwenye kila nguzo chini ya sakafu, na tangu hapo mwenye nyumba hajaona nyoka ndani. Ngazi huinuliwa usiku kwa bawaba na kamba. Kitu rahisi hivi kimewapa watu usingizi kuliko hesabu zetu zote za msukumo wa maji.

Kaya haikuhama. Walikula, walilala, watoto walikwenda shule kwa mtumbwi hadi barabarani. Pia, na hili sikulitegemea, majirani walileta magunia yao ya mbegu yahifadhiwe darini. Dari imejaa. Kimbilio la watu limegeuka ghala la mtaa, na siku maji yatakapopanda kweli hapatakuwa na pa kukaa. Siwezi kumlaumu mtu anayelinda mbegu zake. Jukwaa la mbuzi inabidi liwe na ghala juu yake, la kitongoji kizima, kabla ya masika yajayo.

Mwisho wa Mei

Tumefungua chumba cha pili na kukihamishia uwanja mwingine, makusudi, kuona kama ahadi ya vipande ni ya kweli. Watu wanne, spana mbili, siku moja kufungua na siku mbili kusimamisha. Bolti zote zilitoka isipokuwa moja iliyokuwa imekwama kwa mchanga, ikakatwa. Mashimo ya paneli mbili yalikuwa yamepanuka, kwa hiyo tunaongeza washa pana. Nguzo ndizo ngumu kung'oa. Tulihitaji winchi na nusu siku ya ziada. Nadhani ni sawa kumwambia mwenye nyumba kwamba nguzo zinaweza kubaki na vingine vyote vikaondoka.

Yaliyobaki kabla ya vuli: mchoro mmoja wa ukubwa wa ubao, wenye picha na vipimo, uchorwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, vielelezo vitatu vya mbao vya kukunjia bamba viachwe kwa mafundi chuma wawili, mmoja kila upande wa Daraja la Mkapa linalovuka Rufiji, bei ya viatu ishuke, maana hivyo na zinki yake ndivyo ghali kuliko vyote, na njia pekee ninayoiona ni kuagiza vingi kwa pamoja kupitia kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama. Mwenyekiti ameomba pia mtu mmoja kila kitongoji awe na namba ya wahusika wa bwawa na ya ofisi ya wilaya, apokee taarifa ya milango kufunguliwa na kupiga ngoma au kipaza sauti cha msikiti. Barua yake imeshapelekwa. Kaya ya pili imechagua uwanja na kuchimba shimo la kwanza wenyewe, mita 1.5 kamili, na nguzo zao zinaondoka Mufindi wiki ijayo.